Mzigo Uliotuliwa Gahini

Gahini ni kilima kilicho kando ya ziwa Muhazi, upande wa mashariki wa nchi ya Rwanda. Wamisionari wa Kanisa la Kiingereza walijenga hospitali hapo, na mwaka wa 1928 akaja daktari kijana, jina lake Joe Church. Alikuta njaa kali nchini, na baada ya mwaka mmoja alikuwa amechoka mwili na roho. Alipokwenda Kampala kupumzika, mwezi wa Septemba 1929, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda mwenye bidii ya dini, wakakaa siku mbili wakisoma Biblia pamoja na kuombeana. Siku zile haikuwa desturi Mzungu na Mwafrika kuketi hivyo, kila mmoja akimweleza mwenzake upungufu wa roho yake. Watu wengi huhesabu kwamba Uamsho wa Afrika ya Mashariki ulianzia katika siku mbili hizo.

Hospitali ya Gahini yenyewe ilikuwa na mafarakano. Wasaidizi waliwanung'unikia wakubwa wao, na wakubwa nao hawakuwaamini wasaidizi. Yosiya Kinuka, aliyekuwa mkuu wa wasaidizi, alikwenda Kampala kumwona Nsibambi. Alipomweleza ubaya wa mambo ya Gahini, mwenyeji wake alimwambia autazame kwanza moyo wake mwenyewe. Kinuka alirudi akiwa mtu mwingine, akawaomba radhi wale aliowakosea. Kisha, katika mkutano uliofanywa baada ya Krismasi ya mwaka wa 1933, mtu mmoja alisimama katikati ya maombi akaanza kuzitaja dhambi zake kwa sauti. Wa pili akafuata, na wa tatu, hata zikapita saa mbili na zaidi. Wamisionari waliokuwapo wakaduwaa. Wengine miongoni mwao waliungama baadaye mbele ya Waafrika kiburi chao na dharau yao, na huenda jambo hilo liliwashangaza watu kuliko yote.

Msomaji atauliza, kwani Wakristo hawakuungama tangu zamani? Waliungama. Kanisa la Roma, kwa amri ya Mtaguso wa mwaka wa 1215, liliwataka waumini wake waungame kwa kasisi walau mara moja kila mwaka, na kasisi akatakiwa kuitunza siri. Waanglikana nao husema sala ya maungamo wote pamoja, kwa maneno yaliyokwisha kuandikwa kitabuni. Lakini sala ya namna hiyo mwizi aweza kuisema kila Jumapili, na mali ya watu ingali chini ya kitanda chake. Watu wa Gahini walitaja kitendo chenyewe, tena masikioni mwa aliyetendewa, na wengi walikirudisha kile walichokichukua. Waliamini kwamba msamaha hutoka kwa Mungu kwa damu ya Kristo. Kurudisha mali hakukuwa bei ya msamaha huo, bali dalili ya kuwa umepokelewa. Ndiyo sababu walifurahi na kuimba usiku kucha. Mtu aliyeficha kosa hufanya kazi isiyokwisha ya kulinda mlango, naye aliyelisema hana tena cha kulinda.

Mafundisho hayo yalienea upesi. Uganda wafuasi wake waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Kwa Wakikuyu wakaitwa ahonoki. Kundi la ndugu, Waafrika na Wazungu pamoja, lilifika Kabete mwaka wa 1937. Wakikuyu hawakuwa wageni wa neno lenyewe. Desturi zao zilikuwa na thahu, unajisi uletao maradhi na misiba, na mganga alimtakasa mwenye thahu kwa kumwambia autapike, naye akatema mate huku mambo mabaya yakitajwa moja moja. Basi wazee walijua tangu kale kwamba kilicho moyoni hutolewa kwa kinywa. Tofauti ni kwamba thahu yaweza kumpata mtu asiye na kosa lo lote, kwa kugusa maiti tu, lakini ndugu wa Uamsho walisema juu ya kosa ambalo mtu amelitenda akijua.

Wazee wengi, hata hivyo, waliudhika sana, nao walikuwa na haki yao. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Sasa kata ilikuwa ikitangaza barabarani. Mume aliyeungama uzinzi alimwaibisha na mke wa jirani ambaye hakuwapo kujitetea. Tena wako walioanza kuungama dhambi za wenzao kuliko zao. Katika Chuo cha Askofu Tucker, huko Mukono, wanafunzi wenye bidii walikusanyika kabla ya mapambazuko kuomba na kuhubiri, wakawakemea walimu wao kwa ulegevu wa imani. Ugomvi ulikua, na mwaka wa 1941 wanafunzi 26 wakafukuzwa. Kwa maoni yangu pande zote mbili zilikosa subira, maana wema unaopigiwa kelele huzaa kiburi kingine.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, mwezi wa Oktoba 1952. Ndugu wengi katika nchi ya Wakikuyu walikataa kiapo, wakisema kwamba wamekwisha kunywa kikombe cha Bwana na hawawezi kunywa kingine. Wengi wao walikataa pia kuchukua bunduki za Serikali, hivyo wakashukiwa huku na huku, na baadhi yao wakauawa. Wakati huo huo Serikali ilianza kutaka maungamo ya namna yake. Maelfu walitiwa kizuizini, wakaambiwa waungame kiapo walichokula. Aliyeungama alihamishwa kambi baada ya kambi hata akaribie kwao, na aliyenyamaza alibaki. Wako waliopigwa mpaka waseme. Josiah Mwangi Kariuki, aliyepita katika kambi 14, aliyaeleza maisha hayo katika kitabu chake cha mwaka wa 1963. Neno lilikuwa lile lile la Gahini, lakini mzigo haukutuliwa. Aliyeungama kwa fimbo alitoka na mzigo wa pili, yaani woga wa kuwa amewataja wenzake, na pengine aliungama hata asichokitenda ili apigo likome. Kule Gahini hakuna aliyeshikwa mkono kusimamishwa.

Wazee waliopita katika kambi hizo waliishitaki Serikali ya Uingereza mjini London. Mwezi wa Juni 2013 waziri wake wa mambo ya nje alitamka Bungeni kwamba Serikali yake inasikitikia mateso yaliyotendwa Kenya, na kwamba italipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228, gharama za kesi zikiwamo. Katika hotuba hiyo hiyo akasema kwamba Serikali ingali inakataa kuwa na wajibu wa kisheria kwa mambo hayo.