Doti ya Kanga: Pambo, Heshima na Israfu

Katika nyumba zetu za pwani hakuna lawama iliyozoeleka kama ile ya mume asemaye kwamba fedha za nyumba zinaishia kwenye nguo za mkewe. Lawama hii ni ya zamani. Masheikh wameihutubia, watu wa ngoma wameifanyia mzaha, na wenye maduka wamenyamaza wakihesabu faida yao. Nasi hatuna haja ya kuirudia hapa. Tuonalo bora ni kuichukua nguo moja tu, ile iliyolaumiwa zaidi kuliko zote, nayo ni kanga, ambayo ndugu zetu wa Mombasa na Lamu huiita leso, tuulize imetoka wapi, ni nani walioikimbilia mwanzo, na walikuwa wakitafuta nini. Sura ya Aaraf imetaja pambo na israfu mahali pamoja, la kwanza likahalalishwa na la pili likakatazwa, na kila zama watu hugombana juu ya mpaka ulio kati ya mawili hayo. Na asiyejua tarehe ya jambo hawezi kulipima sawasawa.

Turudi kwanza kwenye zama za Sayyid Said bin Sultan. Mwaka 1833 alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na meli zilizotoka mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, zikawa zinatia nanga Unguja zikileta nguo ya pamba isiyotiwa rangi, nzito na imara. Watu waliiita merikani kwa jina la nchi ilikotoka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilipoikata pamba yao, wafanyabiashara wa Uingereza na wa Bara Hindi waliingia mahali pao, lakini jina likabaki lile lile. Merikani ilipimwa kwa mikono: mikono minne ni shuka, minane ni doti. Ilikwenda na misafara mpaka maziwa makuu, ikawa kama fedha, maana kwa mikono hiyo watu walinunua chakula na kulipa hongo za njiani. Ilipotiwa rangi ya nili ikaitwa kaniki.

Hiyo merikani na hiyo kaniki ndiyo iliyokuwa nguo ya mtumwa. Mjakazi aghalabu alijifunga kipande kimoja chini ya makwapa, mabega wazi, kichwa wazi, miguu mitupu. Tusifiche jambo hili kwa kuona haya. Katika miji yetu mtu alijulikana daraja yake kabla hajafungua kinywa, kwa kutazamwa tu alivyovaa. Salme binti Said, binti wa Sultani huyo, katika kitabu chake cha kumbukumbu kilichotolewa Ujerumani mwaka 1886, ameeleza kwa urefu nguo za hariri, vito na manukato ya mabibi wa majumba ya Mtoni na mjini. Wanawake wa Kiarabu wenye daraja walivaa barakoa. Huko Lamu mwanamke muungwana alipotoka nje alifunikwa kwa shiraa, nayo ni kama hema dogo lililobebwa na wajakazi wake, yeye akitembea ndani asionekane. Watu wakiitazama ile shiraa leo husifu sitara iliyokuwamo. Wachache huuliza habari za wale waliokuwa nje wameishika miti yake, ambao hakuna aliyeona kwamba nao wana haja ya kusitiriwa.

Kanga ilizaliwa katika miaka ya mwisho ya utumwa huo. Wareno waliwahi kuleta vitambaa vya mkononi vya rangi, na jina lao la kitambaa ndilo lililotupa neno leso. Inasimuliwa kwamba wanawake wa mjini walinunua vitambaa hivyo vikiwa jora, kabla havijakatwa kimoja kimoja, wakakata vitatu vitatu na kuviunga ubavu kwa ubavu, vikawa sita katika nguo moja pana ya kujitanda. Wenye maduka, ambao hawakosi kuona penye faida, wakaagiza nguo nzima iliyokwisha kupigwa chapa. Zile za mwanzo zilikuwa na madoadoa meupe juu ya rangi ya giza, mfano wa manyoya ya kanga wa porini, na wengi husema ndipo jina lilipotoka. Mwaka 1887 huko Mombasa ilianza biashara ya Kaderdina Hajee Essak, ambaye chapa yake ya «Mali ya Abdulla» imesomwa na wanawake wa vizazi vingi.

Sasa tazama miaka inavyofuatana. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Amri ya kuondoa hadhi ya utumwa katika sheria ilitolewa tarehe 6 Aprili 1897, ingawa masuria hawakuingizwa mpaka mwaka 1909. Upande wa pwani ya Kenya amri kama hiyo ilikuja mwaka 1907. Maelfu ya watu wakatoka mashambani wakaja mjini, Unguja wakikaa Ng'ambo, ng'ambo ya ile hori iliyoutenga Mji Mkongwe, katika vibanda vya udongo na makuti. Wanawake wakachuma karafuu kwa ujira, wakabeba maji na kokoto, wakauza vitumbua na vyungu, wakasuka mikeka. Kwa mara ya kwanza maishani mwao senti waliyoipata ilikuwa yao. Na miongoni mwa mambo ya mwanzo waliyoyafanya kwa senti hiyo ni kuivua kaniki na kununua doti ya kanga.

Hapa ndipo tunapotaka msomaji asimame. Aliyepita Ng'ambo wakati huo akamwona mwanamke masikini, nyumba yake inavuja, naye ametoa ujira wa siku nyingi kwa nguo mbili za maua, angesema bila shaka: israfu hii! Lakini mwanamke yule alikuwa akinunua kitu ambacho alinyimwa tangu kuzaliwa. Kwa kipande kimoja alijifunga, kwa cha pili akajitanda mabega na kichwa, akawa amesitirika kama mwislamu mwingine yeyote, na apitapo njiani hakuna awezaye kumwambia kwa kumtazama tu kuwa huyu ni mjakazi wa fulani. Kaniki ikabaki ya shambani na ya kazi chafu. Hata huko, walio wengi hawakuitaka tena kuiona.

Haukupita muda buibui nalo likaenea, katika miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini. Vazi hili jeusi lilivaliwa na tajiri na masikini, mwarabu na mswahili, na shiraa ikatoweka, kwa kuwa wa kuishika hawakupatikana tena. Barabarani wanawake wote wakawa sawa. Basi ushindani wa mapambo ukahamia ndani, kwenye harusi na kwenye ngoma, ambako buibui huvuliwa na kanga ikaonekana.

Wenye viwanda vya Uingereza na Uholanzi, na baadaye Japani na India, walitambua upesi kwamba mnunuzi wa kanga si mtu wa kuletewa chochote. Mitindo ilichorwa kwa shauri la wenye maduka wa Unguja na Mombasa, waliosikiliza yanayosemwa na wanawake vibarazani. Michoro ikapelekwa ng'ambo, nguo zikarudi kwa meli baada ya miezi. Ikiwa katika miezi hiyo mji umeshachoka na mtindo ule, majora yalikaa rafuni mpaka yakaliwa na mende, na hasara ikawa ya mwenye duka. Maua, korosho, madoa, vyote vilikuwa na wakati wake. Kisha yakaja majina, kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye za Kilatini, na mwanamke akapata njia ya kumjibu jirani, mume au mke mwenzie bila kutamka neno. Hebu fikiri: watu ambao mama zao walihesabiwa pamoja na mali za shamba, sasa kinu cha kitambaa kilichoko Ulaya kinangoja kujua wamependa rangi gani.

Lakini tusiwe wa upande mmoja. Kilichoanza kwa heshima kiliingiwa na maradhi. Katika vyama vya lelemama, Mombasa kwa Unguja, wanawake walikuwa na desturi ya kuvaa sare, na chama hiki kikitoka na kanga mpya, kile lazima kijibu kwa kilicho bora zaidi. Siku moja ya ngoma ilitaka kanga mpya, vyakula, maua na manukato, na asiyetoa sehemu yake aliona aibu. Madeni yakazidi. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha Mombasa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, alikuwa miongoni mwa waliokemea kwa nguvu Waislamu kuteketeza mali katika ngoma na harusi huku watoto wao hawasomeshwi. Maneno yake yalikuwa makali na yalistahili kusikilizwa.

Pamoja na hayo, wanaume nao walikuwa na beni zao katika miaka hiyo hiyo: Kingi na Scotchi huko Mombasa, Marini na Arinoti huko Tanganyika, wakivaa magwanda ya kijeshi, wakinunua ngoma na tarumbeta, wakishindana kwa karamu. Tarumbeta haijifungwi kiunoni, haimbebi mtoto, wala haitandikwi kitandani. Ajabu ni kwamba ikitajwa israfu ya zama zile, inayokumbukwa ni leso.

Na kwa kweli ukiihesabu doti kama mfanyabiashara ahesabuvyo bidhaa, ni vigumu kupata nguo nyingine inayorudisha fedha yake namna hii. Kila kipande kina urefu wa kama mita moja na nusu na upana wa zaidi kidogo ya mita moja. Haitaki fundi, ni kukatwa katikati na kukunjwa pindo tu. Haijui unene wala wembamba, mwari aliyeinunua ataivaa akiwa mjamzito na ataivaa akiwa bibi. Mwaka wa kwanza ni ya kutokea. Ikianza kupauka huwa ya nyumbani, ya kujifunga jikoni na ya kuswalia. Kisha huwa mbeleko, na mtoto hulala ndani yake mgongoni. Ikilainika sana hukatwa nepi, na mwisho wake ni kata ya kuwekea ndoo kichwani au tambara la kupangusia. Wanawake wenye akili ya matumizi walijua pia kununua. Waliitandaza doti mezani watazame kama mji umekaa katikati na pindo hazikupinda, wakaisugua kwa vidole wajue kama ni pamba au ni wanga tu utakaotoka kwenye maji ya kwanza. Wasio na uwezo waliungana wawili, doti moja, kila mmoja upande wake. Wengine walicheza upatu, na zamu ya mtu ikifika, kwanza hulipa deni, kinachosalia ndicho kiendacho dukani. Kisutu cha harusi, chenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, kilibaki vile vile miaka mingi. Mtindo haukukipitia, kwa hiyo kilichonunuliwa kwa dada mkubwa kilimfaa na mdogo.

Mapambo mengine yalikuwa ya gharama ndogo zaidi: hina, wanja, liwa, asumini na kikuba, na nguo kufukizwa udi ikiwa fedha ipo. Vipodozi vya chupa na krimu za kuchubua ngozi vilikuja baadaye, na gharama yake haikuishia kwenye mfuko, maana zebaki iliyotiwa katika baadhi ya krimu hizo huingia mwilini na kudhuru figo.

Yafaa pia wanaume wakumbushwe mlango mmoja wa fiqhi. Kiswa, yaani mavazi ya mke, ni katika nafaka iliyo wajibu juu ya mume kwa kadiri ya uwezo wake, pamoja na chakula na makazi. Na mali aliyoichuma mke mwenyewe, kwa mkeka au kwa kofia aliyoishona, ni yake peke yake. Kwa hiyo mume alaumuye ajiulize kwanza kama kanga ile aliinunua yeye. Bibi wengi wa Ng'ambo hawakumngoja mtu.

Baada ya uhuru nchi zetu zilianza kutengeneza kanga zao. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilianza kazi mwaka 1968. Siku hizi kanga nyingi zatoka tena India na China, na si zote ni pamba tupu. Wazee wakizishika hutikisa kichwa.

Ziko nyumba ambazo kanga bado huhifadhiwa sandukuni, doti juu ya doti, nyingine hazijakatwa. Tulio nao leo ni vitukuu na vilembwe vya wale walionunua kanga za mwanzo kwa ujira wao. Katika fiqhi mtumwa hana mirathi: harithi wala harithiwi, na alichonacho ni cha bwana wake. Mwanamke aliyezaliwa katika hali hiyo, akaachwa huru, akazaa na akafa uzeeni Ng'ambo, sanduku lake lilifunguliwa mbele ya jamaa. Doti zilitolewa moja moja zikatiwa thamani pamoja na kitanda na mkufu, gharama za maziko zikaondolewa, likalipwa deni la dukani, na zilizobaki wakagawana wanawe kama sheria ilivyoweka, kila mtu na hisa yake.