Kuboresha redio katika gari la zamani

Kuboresha redio katika gari la zamani ni kazi ya kubadilisha au kuongezea vifaa vya sauti vilivyofungwa kiwandani, ili gari la enzi za kaseti au CD liweze kupiga muziki ulio kwenye simu, kupokea simu bila dereva kuishika mkononi, na kutoa sauti safi zaidi. Kenya, Tanzania na Uganda kazi hii ina sura yake ya pekee, kwa sababu magari mengi ya binafsi katika nchi hizo yaliingia yakiwa yameshatumika Japani. Redio zake zilitengenezwa kwa ajili ya Tokyo na Osaka. Mwenye gari huligundua hilo siku ya kwanza anapotafuta kituo anachokipenda: namba zinapanda mpaka 90, kisha zinarudi zilikoanzia.

Chanzo ni mgawanyo wa masafa. Japani iliitengea FM megahezi 76 hadi 90, na sehemu ya juu yake, 90 hadi 108, ikatumiwa na chaneli ya 1 hadi ya 3 ya televisheni ya analojia. Televisheni hiyo ilizimwa mwaka 2011 katika sehemu kubwa ya nchi, na baadaye FM ikasogezwa hadi 95. Afrika Mashariki, kama sehemu kubwa ya dunia, FM ni 87.5 hadi 108. Kwa hiyo redio ya zamani ya Kijapani hukutana na vituo vya hapa katika kipande cha megahezi mbili na nusu tu.

Dawa iliyozoeleka gereji ni ekspanda, kiboksi kidogo kinachofungwa kati ya waya wa antena na redio na kupewa umeme wa volti 12. Ndani yake mna saketi inayozalisha mawimbi ya kiwango kimoja. Mawimbi hayo huchanganywa na yale yanayotoka kwenye antena, na tofauti kati yao ndiyo inayopelekwa kwenye redio. Ekspanda inayoshusha kwa megahezi 16 huifanya Capital FM ya Nairobi, iliyo kwenye 98.4, isikike kwenye 82.4. Shida ni kwamba bendi ya redio ina upana wa megahezi 14, na ya hapa ina 20 na nusu. Radio Citizen, iliyo kwenye 106.7, huangukia 90.7, nje ya uwezo wa redio hiyo. Ukichagua ekspanda inayoshusha kwa 20, Citizen inapatikana kwenye 86.7, lakini vituo vilivyo kati ya 90 na 96 vinapotea. Ni hesabu isiyoweza kutoka sawa, na kila ekspanda huongeza mvumo kidogo katika vituo vya mbali. Inamfaa mtu anayesikiliza vituo viwili au vitatu. Anayetaka bendi nzima abadilishe redio.

Kuna sababu nyingine inayowasukuma wengi kubadilisha. Redio nyingi za Toyota zenye kioo cha ramani hujifunga betri inapotolewa au kuisha. Umeme ukirudi, kioo huonyesha maandishi ya Kijapani yanayodai kadi ya ramani au namba ya siri, na kadi yenyewe mara nyingi ilibaki kwa mwenye gari wa kwanza. Wapo mafundi wanaofungua redio hizo kwa malipo. Hata hivyo, ikishafunguliwa, ramani iliyomo bado ni ya Japani na masafa bado ni ya Japani. Fedha hiyo ingefaa zaidi ikianzia redio mpya.

Tamaa ya muziki ndani ya gari ni ya siku nyingi. Kampuni ya Galvin ya Chicago ilitoa redio ya gari yenye jina la Motorola mwaka 1930, na Blaupunkt ya Ujerumani ikafuata mwaka 1932 na mtambo mkubwa uliotumia taa za redio, kwani transista haikuwa imevumbuliwa. FM iliingia kwenye magari mwanzoni mwa miaka ya 1950. Philips ilizindua kaseti mwaka 1963, na katikati ya miaka ya 1980 zikaja CD. Apple CarPlay ilianza mwaka 2014, na Android Auto ikafuata mwaka 2015. Gari linaloitwa la zamani leo linaweza kuwa la kizazi chochote kati ya hivyo, na kila kizazi kina masharti yake.

Kipimo cha tundu la dashibodi ndicho huamua redio ipi itaingia. Ujerumani iliweka kipimo cha milimita 180 kwa 50, kiitwacho DIN, ambacho baadaye kilikuwa cha kimataifa. Redio ya kioo kikubwa huchukua matundu mawili ya aina hiyo, yaani 180 kwa 100. Magari mengi ya Toyota ya Japani yana tundu la upana wa 200. Redio ya kawaida ikiingizwa humo huacha upenyo wa milimita 10 kila upande, na upenyo huo huzibwa kwa fremu ya plastiki iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kuukata uso wa dashibodi si lazima, na gari lililokatwa dashibodi hushuka thamani. Magari ya kabla ya miaka ya 1980 mengi yana redio ya vitasa viwili iliyoshikiliwa kwa vijiti vya vitasa hivyo.

Nyuma ya redio ndiko kazi inakoharibikia. Redio za madukani hufuata utaratibu wa rangi unaofanana: manjano ni umeme wa kudumu kutoka betri, nyekundu ni umeme unaokuja funguo ikizungushwa, nyeusi ni ardhi, na jozi za nyeupe, kijivu, kijani na zambarau ni za spika nne, wenye mstari mweusi ukiwa ni hasi. Rangi za kiwandani hazifuati utaratibu huo. Katika Toyota nyingi waya wa ardhi ni wa kahawia. Fundi anayefananisha rangi kwa macho hubahatisha. Fundi makini hushika mita: hupima waya upi una volti 12 funguo ikiwa mfukoni, na upi hupata umeme funguo ikiwa imezungushwa tu. Manjano ikiunganishwa na waya wa funguo, redio husahau saa na vituo kila gari linapozimwa. Nyekundu ikiunganishwa na umeme wa kudumu, redio haizimiki kwa funguo, na gari lililoegeshwa likasahauliwa na redio ikiwaka huamkia betri tupu.

Njia safi ni kununua soketi ya kuunganishia. Toyota nyingi hutumia plagi mbili, moja ya pini 10 na nyingine ya pini 6, na soketi zake huuzwa kwa bei ndogo sana ukilinganisha na redio. Soketi huingia kwenye plagi ya gari, nyaya zake zikaunganishwa na za redio mpya mezani, kwenye mwanga, bila kukata chochote cha kiwandani. Nyaya zilizokatwa, zikasokotwa kwa vidole na kufungwa solotepu huachia kwa joto la dashibodi, na hapo ndipo unapoanzia moto wa umeme ambao baadaye husingiziwa betri.

Kisha kuna suala la wati. Boksi la redio huandikwa wati 50 mara nne, na mnunuzi huamini. Hesabu inakataa. Injini ikiwa inaunguruma, umeme wa gari ni kama volti 14.4. Saketi ya sauti isiyokuwa na kifaa cha kupandisha volti haiwezi kuvuka kiwango hicho, na kwenye spika ya ohm 4 inatoa wati zisizozidi 26 kabla sauti haijaanza kukwaruza. Anayetaka nguvu ya kweli huongeza amplifaya ya pembeni yenye waya wake mnene kutoka kwenye betri, na fyuzi ikae sentimita 45 au chini ya hapo kutoka betri. Fyuzi iliyo karibu na amplifaya huku betri iko mbele hailindi waya unaopita chini ya zulia.

Kabla ya amplifaya, ziangaliwe spika. Katika gari la miaka ishirini, sponji inayozunguka karatasi ya spika mara nyingi imeoza, na hakuna redio mpya itakayoitibu. Kipimo cha milangoni mara nyingi ni inchi 6.5. Spika yenye usikivu uliozidi kwa desibeli 3 hutoa kwa wati 20 sauti ile ile ambayo nyingine ingehitaji wati 40, kwa hiyo namba ya usikivu inafaa kusomwa kuliko namba ya wati. Kuziba matundu ya mlango ili hewa ya nyuma ya spika isirudi mbele hugharimu kidogo na huongeza besi inayosikika mara moja. Hapa ndipo fedha inapoleta faida kubwa zaidi kuliko mahali pengine popote, ingawa wengi huitumia kwenye kioo.

Magari ya zamani kabisa yana mitego yake. Land Rover za kabla ya mwaka 1967 nyingi zilikuwa na chanya ya betri iliyofungwa kwenye bodi badala ya hasi. Redio ya kisasa ikiungwa hapo kwa mazoea huungua papo hapo. Volkswagen Beetle za zamani zilitumia volti 6. Malori na baadhi ya Land Cruiser za dizeli hutumia volti 24, nazo zinahitaji kipunguza volti chenye uwezo wa kutosha. Kuchukua umeme wa redio kwenye betri moja kati ya mbili ni desturi mbaya, kwani betri hizo huchajiwa bila uwiano na moja hufa mapema.

Wapo wasiotaka sura ya dashibodi ibadilike. Mwaka 2020 Porsche ilitoa redio zenye umbo la zamani na kioo kidogo kinachopokea CarPlay, mahususi kwa magari yake ya zamani. Kwa gari la kawaida, kipokezi kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye tundu la AUX, au kaseti yenye waya, huleta muziki wa simu bila kugusa redio ya asili.

Nchini Kenya, sauti ya gari inaangukia pia katika kanuni za udhibiti wa kelele za mwaka 2009. Mwenye gari atakayefunga vifaa vipya aihifadhi redio ya zamani pamoja na skrubu zake, adai kuiona mita mkononi mwa fundi, na ajaribu FM, spika zote nne na kumbukumbu ya saa kabla dashibodi haijafungwa.