27 Agosti

27 Agosti ni siku ya 239 ya mwaka katika kalenda ya Gregori, au ya 240 mwaka ukiwa mrefu. Baada yake hubaki siku 126 kufika mwisho wa mwaka. Magazeti na redio zenye safu ya "siku kama ya leo" hazikosi kuitaja Unguja tarehe hii ikifika, maana hapo ndipo mwaka 1896 vilipopiganwa vita vinavyohesabiwa kuwa vifupi kuliko vyote katika historia. Habari hiyo hupewa mstari mmoja, msomaji akatabasamu, akaendelea na matokeo ya mpira. Inastahili zaidi ya mstari mmoja.

Siku mbili kabla, 25 Agosti, Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Siku hiyohiyo binamu yake, Khalid bin Barghash, akaingia jumba la kifalme na kujitangaza mrithi. Katika ukoo wa Al Busaid hilo halikuwa jambo geni: kiti kilikuwa cha aliyeweza kukikalia na kukilinda. Khalid mwenyewe alikwisha kujaribu mwaka 1893, alipofariki Ali bin Said, akaonywa akarudi nyuma. Lakini tangu 1890 Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza, na Waingereza walishikilia kwamba hakuna atakayetawala bila ridhaa yao. Waliyemtaka wao alikuwa Hamoud bin Mohammed.

Safari hii Khalid hakurudi nyuma. Alikusanya watu wapatao 2,800, askari wa jumba, watumishi, watumwa na wenyeji wa mjini, akaelekeza mizinga yake baharini. Huko baharini zilikuwa zimetia nanga manowari tano za Admeri Harry Rawson. Balozi mdogo Basil Cave alimpa Khalid muda hadi saa tatu kamili asubuhi ya tarehe 27 ateremshe bendera. Khalid alijibu kwamba haamini kama Waingereza watampiga. Saa tatu na dakika mbili mizinga ililia.

Jumba lilikuwa na mbao nyingi, nalo likashika moto mapema. Jahazi la kifalme, Glasgow, lilijaribu kujibu mapigo likazamishwa palepale bandarini. Ilipofika kama saa nne kasoro dakika ishirini, bendera ilikuwa imeanguka na mizinga ikanyamaza. Wapo wanaohesabu dakika 38, wengine 45. Inategemea unapochukulia kuwa ndipo mwisho. Ubishi huo wa dakika umepewa nafasi kubwa kuliko unavyostahili. Upande wa Khalid waliouawa na kujeruhiwa walikadiriwa kufika 500. Upande wa manowari alijeruhiwa baharia mmoja. Ukizisoma hesabu hizo pamoja, lililofanyika pale mbele ya Forodhani ni gumu kuliita vita. Lilikuwa adhabu iliyotolewa hadharani kwa wote walioweza kuiona.

Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani. Waingereza walizingira nyumba ile wakimngoja akanyage ardhi ya Unguja wamkamate. Wajerumani walingoja maji makuu. Tarehe 2 Oktoba bahari ilipojaa, mashua ilisogezwa hadi ubalozini, Khalid akapanda na kupelekwa Dar es Salaam bila kugusa nchi. Aliishi huko hadi Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipomkamata mwaka 1916 na kumhamishia Shelisheli na Saint Helena. Baadaye aliruhusiwa kurudi Afrika Mashariki, na alifia Mombasa mwaka 1927. Hamoud alitawazwa alasiri ya siku ileile ya mapigano, na tarehe 6 Aprili 1897 alitia saini amri iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba.

Inafaa kukumbuka kwamba wengi wa waliokuwa ndani ya jumba lile hawakuijua tarehe hiyo kwa jina tunaloliita. Kwao ulikuwa mwezi wa Mfungo Sita, mwaka 1314 Hijria, na kwa kalenda hiyo kumbukumbu yao huzunguka misimu yote. Safu za "siku kama ya leo" huuona ulimwengu kwa kalenda moja tu.

Miaka 13 kabla ya hapo, 27 Agosti 1883, volkeno ya Krakatoa katika mlango wa bahari wa Sunda, baina ya Java na Sumatra, ilipasuka kwa mshindo uliosikika hadi kisiwa cha Rodrigues karibu na Morisi, umbali wa kilomita 4,800 hivi. Watu zaidi ya 36,000 walikufa, wengi wao wakichukuliwa na tsunami. Mawe mepesi ya volkeno yalielea mwezi baada ya mwezi katika Bahari ya Hindi, mengine yakafika pwani ya Afrika.

Tarehe hii pia Edwin Drake alipata mafuta katika kisima chake huko Titusville, Pennsylvania, mwaka 1859, kwenye kina cha mita 21 tu. Mwaka 1928 mataifa 15 yalitia saini mjini Paris Mkataba wa Kellogg na Briand, yakiahidi kutotumia tena vita kama chombo cha siasa. Mkataba huo haukuweka adhabu kwa atakayeuvunja, na miaka 11 baadaye, tarehe hiyohiyo, Ujerumani ilirusha Heinkel He 178, ndege ya kwanza ya jeti. Siku tano baadaye ikaivamia Poland.

Kwa Afrika, 27 Agosti ina misiba miwili mikubwa. Mwaka 1963 mwanazuoni Mmarekani mweusi W. E. B. Du Bois alifariki Accra akiwa na umri wa miaka 95, mkesha wa maandamano makubwa ya Washington ambako kifo chake kilitangazwa mbele ya umati. Alikwenda Ghana kwa mwaliko wa Kwame Nkrumah kuandaa kamusi elezo ya Afrika, kazi aliyoiacha bila kukamilika. Mwaka 1975 alifariki Haile Selassie, Mfalme wa zamani wa Ethiopia, akiwa kizuizini mjini Addis Ababa. Kwa Waethiopia ilikuwa 21 Nehase 1967. Utawala wa kijeshi wa Derg ulitangaza kuwa ni maradhi, wengi hawakuamini. Mabaki yake yaligunduliwa mwaka 1992 yakiwa yamefukiwa katika eneo la kasri, na hakuzikwa kwa heshima hadi Novemba 2000.

Kenya inaikumbuka siku hii kwa jambo jingine. Wananchi walikwisha kuikataa rasimu ya katiba mwaka 2005, katika kura ya ndizi na chungwa, ambako chungwa la waliopinga likazaa jina la chama cha ODM. Baada ya umwagaji damu uliofuata uchaguzi wa Desemba 2007, suala hilo halikuweza kuahirishwa tena. Tarehe 4 Agosti 2010 takriban theluthi mbili ya waliopiga kura walichagua kijani, rangi ya ndiyo, dhidi ya nyekundu. Tarehe 27 Rais Mwai Kibaki aliizindua katiba hiyo katika bustani ya Uhuru, Nairobi, mbele ya wageni waliojumuisha Omar al-Bashir wa Sudan, aliyekuwa akitafutwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Katiba hiyo ilileta kaunti 47 na Seneti, na kifungu chake cha 7 kikakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jamhuri ya Kenya pamoja na Kiingereza. Hadi siku hiyo kilikuwa lugha ya taifa tu.