Komoro: ardhi ndogo, watu wengi, bahari iliyofungwa

Kisiwa cha Nzwani kina eneo la kilomita za mraba 424 tu. Sensa ya mwaka 2017 ilihesabu humo watu 327,382, yaani zaidi ya watu 770 kwa kila kilomita ya mraba, na sehemu kubwa ya kisiwa ni miteremko mikali inayopanda hadi kilele cha Ntingi, karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Ngazija, ambayo kwa ukubwa inaizidi Nzwani zaidi ya mara mbili, ilikuwa na watu 379,367. Mwali, kisiwa kidogo kuliko vyote, 51,567. Jumla 758,316. Hao ndio watu wa Muungano wa Komoro kwa mujibu wa serikali ya Moroni. Wa Maore hawamo, kwa sababu kisiwa hicho huhesabiwa na Ufaransa.

Ili kuelewa jinsi watu hawa walivyotapakaa, lazima kuanzia kwenye mawe. Visiwa vya Komoro, vilivyo kati ya Msumbiji na ncha ya kaskazini ya Madagaska, vyote vilitokana na volkano, ila umri wao haulingani. Maore ndiyo kongwe. Mvua ya mamilioni ya miaka imeipunguza milima yake, na matumbawe yameizunguka yakaiachia maji tulivu yenye samaki tele. Ngazija ndiyo changa, na mlima wake Karthala, wenye mita 2,361, bado unawaka. Mwaka 1977 lava ilishuka hadi kijiji cha Singani. Mwaka 2005 majivu yalinyesha juu ya vijiji na kuchafua maji ya kunywa.

Maji yalichafuka kwa urahisi kwa sababu Ngazija haina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Mvua yake ni nyingi, lakini mwamba mpya una matundu, hivyo maji huzama moja kwa moja. Ndiyo maana tangu zamani watu wa huko wamejenga mabirika ya kukinga mvua, na mwenye birika kubwa ni mtu mwenye heshima. Nzwani ilijaliwa udongo na mito. Neema hiyo ndiyo iliyowavuta watu, na baadaye ikawavuta wageni wenye tamaa.

Wakazi walikuwapo Komoro zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Mabaki ya Dembeni huko Maore na Sima huko Nzwani yanathibitisha. Mwaka 2016 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mbegu zilizochimbuliwa katika maeneo ya kale ya Afrika Mashariki. Wakati bara na visiwa vya karibu vilikula zaidi mtama na uwele, Komoro ilikula mpunga na choroko, mazao ya Asia. Wamakomoro wa leo, wanaosema lugha ya Kibantu iliyo ndugu wa karibu wa Kiswahili, wana damu ya Afrika, ya Asia ya kusini-mashariki na ya Mashariki ya Kati. Bahari ndiyo iliyowazaa, wala sisemi hivyo kwa kupamba maneno.

Bahari hiyohiyo iliwaletea msiba. Kuanzia miaka ya 1790 wavamizi kutoka Madagaska walikuja na mitumbwi mingi, wakichoma miji na kuteka watu kwa ajili ya biashara ya utumwa. Miji ya Ngazija ikazungushiwa kuta ambazo baadhi bado zimesimama. Huko Ikoni wenyeji husimulia kwamba wanawake walijirusha kutoka jabalini kuliko kutekwa. Maore ilibaki karibu tupu, na tarehe 25 Aprili 1841 mtawala wake, Andriantsoly, mwana wa ukoo wa Kisakalava kutoka Madagaska, akaikabidhi kwa Wafaransa. Kwa hiyo aliyeitoa Maore hakuwa mzaliwa wake, na wenyeji wengi hawakuwapo kuulizwa.

Visiwa vingine vitatu viliwekwa chini ya himaya ya Ufaransa mwaka 1886. Mwaka mmoja kabla, Léon Humblot, mtaalamu wa mimea, alikuwa amepata kwa Sultani Said Ali mkataba uliompa ardhi kubwa mno ya Ngazija. Nzwani nako mashamba ya miwa, kisha ya mlangilangi na vanila, yalimeza maeneo mazuri. Wakulima wakasukumwa milimani. Walilima miteremko kwa kukosa pengine pa kulima, misitu ikakatwa, kuni zikaenda pia kwenye matanuri ya kukeneka mafuta ya mlangilangi, na mito mingi iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima ikakauka. Anayewalaumu wakulima wa Nzwani kwa kumaliza msitu anaanza hadithi katikati.

Aliyekosa ardhi aliondoka. Wangazija walijaa Zanzibar, na baadhi yao wakawa vinara wa elimu: Sayyid Ahmed bin Sumeit, kadhi mashuhuri wa Unguja, alizaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka 1861. Wengine walikwenda Majunga, Madagaska, hadi mauaji ya Desemba 1976 yalipowarudisha maelfu nyumbani. Wengine wako Marseille. Chama cha kupigania uhuru, MOLINACO, kilianzishwa na Wamakomoro walioishi kwetu Afrika Mashariki, na makao yake yalikuwa Dar es Salaam.

Katika kura ya Desemba 1974, visiwa kwa jumla vilitaka uhuru kwa takriban asilimia 95, lakini Maore wengi walikataa. Ufaransa ikaamua kuhesabu kisiwa kimoja kimoja. Komoro ikajitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975, na Novemba mwaka huo Umoja wa Mataifa ukaipokea kama nchi ya visiwa vinne. Maore ikabaki mikononi mwa Ufaransa, na mwaka 2011 ikafanywa mkoa wake kamili.

Hata hivyo watu waliendelea kuvuka kwenda kuoa, kuuza ng'ombe, kuzika. Kutoka Nzwani ni kilomita 70 hivi. Mwaka 1995 Paris iliweka viza, na tangu hapo anayemtembelea shangazi yake akawa mhamiaji haramu. Huvuka usiku kwa kwasakwasa, boti ndogo za uvuvi zilizojazwa kupita kiasi. Ripoti ya Seneti ya Ufaransa ya mwaka 2012 ilitaja makadirio ya watu 7,000 hadi 10,000 waliokufa njiani tangu viza iwekwe. Mwaka 2017 Maore ilikuwa na wakazi 256,518, karibu nusu yao wakiwa raia wa kigeni, na hao wengi mno ni Wamakomoro.

Machi 2008 askari wa Tanzania na Sudan walitua Nzwani pamoja na jeshi la Komoro kuuzima utawala uliojitenga wa Mohamed Bacar. Tulikubali wakati ule kwamba umoja wa visiwa hivi unatuhusu. Basi serikali zetu zisikae kimya mbele ya viza inayozamisha watu. Zidai iondolewe, ndani ya Umoja wa Afrika na mbele ya Ufaransa yenyewe.