Tarakilishi ndani ya kivinjari: hadithi ya eyeOS na G.ho.st

Leo nataka tuongee kuhusu kitu kilichovuma sana kati ya 2005 na 2010, kisha kikazimika: mifumo endeshi ya wavuti. Unafungua kivinjari, unaandika jina na neno siri, na mbele yako linatokea eneokazi zima: faili zako, kikokotoo, barua pepe, hata picha ya ukutani uliyochagua jana ukiwa kwenye mashine nyingine.

Nianze na jina lenyewe, maana lilitiwa chumvi. Mfumo endeshi ni ile programu inayogawa kumbukumbu na kuongea na diski, kibodi na printa. Hizi za wavuti hazikufanya kazi hiyo. Chini yake bado ulihitaji Windows au Linux, halafu kivinjari juu yake. Kilichohamia kwenye seva ni faili na programu za kuzifungulia.

Hata hivyo hilo halikuwa jambo dogo, hasa kwetu. Miaka ile Wakenya wengi hatukuwa na tarakilishi nyumbani. Tulienda saiba, tukalipa kwa dakika, tukabeba kazi zetu kwenye flashi ambayo ilirudi nyumbani na virusi. Ukimwambia mtu kama huyo kwamba faili zake zitamsubiri kwenye kiti chochote atakachokalia, lazima akusikilize. Shida ni kwamba intaneti yetu ilipitia setilaiti. Ukibofya, unangoja, na dakika zinahesabiwa. Aliyeihitaji zaidi teknolojia hii ndiye iliyemgharimu zaidi.

Waliojaribu walikuwa wengi. YouOS, iliyoundwa na vijana waliotoka chuo cha MIT, ilianza 2006 na kufungwa 2008. Sitakaa sana hapo. Mbili ndizo zinanivutia.

eyeOS ilitolewa Agosti 2005 na vijana wa Olesa de Montserrat, mji mdogo karibu na Barcelona, Uhispania. Iliandikwa kwa PHP na ilikuwa programu huria. Maana yake ni kwamba hukulazimika kutumia seva yao. Shule au ofisi ingeweza kuipakua na kuiweka kwenye seva iliyo chumba cha pili, watu wakaitumia kwa mtandao wa ndani bila kulipia intaneti hata senti. Kwa maoni yangu huo ndio uliokuwa uzuri wake mkubwa.

G.ho.st ilikuwa kinyume. Ilianzishwa na Zvi Schreiber mwaka 2006, na kisa chake ni cha ajabu: ofisi moja ilikuwa Modi'in, Israel, na waandika programu walikuwa Ramallah, upande wa Wapalestina. Vizuizi vya barabarani viliwazuia kukutana kwa urahisi, kwa hiyo mikutano ilifanyika kwa video. Watu waliotengwa na ukuta wakaunda tarakilishi isiyo na mahali! Mtumiaji hakulipa chochote, lakini faili zake zilikaa kwa kampuni, naye hakuwa na njia ya kujiwekea seva yake mwenyewe.

Machi 2010 huduma hiyo ikafungwa. Watumiaji wakapewa notisi kama wapangaji: ondoeni vitu vyenu. Kuwapa watu nafasi ya bure kwenye seva hakukuwa kunalipa tena. Kwetu hapa uchungu wake ulikuwa wa aina yake, kwani waya wa SEACOM ulikuwa umeanza kazi Mombasa Julai 2009. Intaneti ilipoanza kuwa ya kasi, nyumba zenyewe zilikuwa zinabomolewa.

Ni nini kiliziua? Gharama ni sehemu tu. Gmail ilitoka Aprili 2004 na gigabaiti 1 ya nafasi, wakati Hotmail ilikuwa ikitoa megabaiti 2, na Google ikaongeza huduma ya kuandika nyaraka 2006. Watu wakagundua walitaka programu zenyewe; eneokazi la bandia ndani ya eneokazi la kweli lilikuwa mzigo. Chromebook zilipoanza kuuzwa Juni 2011 zilipanga mambo upya: Linux halisi chini, kivinjari juu, hakuna dirisha ndani ya dirisha.

Lakini suala la faili halikuondoka. Ukiweka kazi yako kwa mtu, unapata wepesi: mashine ikiibwa matatuni, kazi bado ipo. Unapoteza uamuzi wa lini uhame. eyeOS nayo ilinunuliwa na Telefónica mwaka 2014, ila aliyekuwa na nakala ya zamani kwenye seva yake mwenyewe aliweza kuiwasha asubuhi iliyofuata kama kawaida.