Vyama vya Uingereza na Sheria ya Bangi

Neno bangi lilitufikia kutoka Bara Hindi, kama yalivyotufikia maneno mengi ya biashara na ya jikoni, na ni huko Bara Hindi ambako serikali ya Kiingereza ilianza kuuchunguza mmea huu kwa makini. Swali liliulizwa katika Bunge la London mwaka 1893, likazaa tume. Tume ile ilisikiliza mashahidi 1,193, na mwaka 1894 ikatoa taarifa yake katika vitabu saba. Ilisema kwamba matumizi ya kiasi hayana madhara ya kutajika, kwamba matumizi ya kupindukia humdhuru mtumiaji, na kwamba kuipiga bangi marufuku hakufai. Nimeanza na vitabu hivyo kwa sababu tutakutana navyo tena baada ya miaka sabini na mitano.

Katika Uingereza yenyewe bangi ilikatazwa kwa sheria ya mwaka 1925, iliyoanza kutumika mwaka 1928. Asili yake haikuwa ugomvi wowote wa vyama. Mjumbe wa Misri katika mkutano wa Geneva ndiye aliyeomba mmea huo uingizwe katika orodha ya madawa yanayodhibitiwa, na Uingereza ikatimiza mapatano iliyoyatia sahihi. Waingereza wavutaji walikuwa wachache mno wakati ule hata hapakuwa na mtu wa kutetea wala wa kulaumu. Sheria isiyomgusa mpiga kura hupita kimya kimya, nayo hii ilikaa kimya kwa muda wa miaka arobaini hivi.

Kimya kilivunjika mwaka 1967. Mwezi wa Juni mwanamuziki Keith Richards alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja kwa kuiacha nyumba yake itumiwe na wavutaji, hukumu iliyofutwa katika rufani mwishoni mwa Julai. Katikati ya kesi hiyo, tarehe 24 Julai, gazeti la The Times lilichapa tangazo la ukurasa mzima lenye majina 65, na miongoni mwao walikuwamo Beatles wote wanne, mwandishi Graham Greene na mtaalamu wa sayansi Francis Crick. Walitaka sheria ilegezwe. Watu wazima waliokuwa hawajapata kuliona jani la bangi walitambua kwamba watoto wao wanalijua vizuri.

Serikali ilikuwa ya chama cha Leba, nayo ilikwisha kuwa na kamati ya kuishauri juu ya mambo haya. Kamati ndogo iliyopewa kazi iliongozwa na Barbara Wootton, bibi mwenye elimu kubwa ya jamii, hakimu wa miaka mingi na mtu wa chama hicho hicho cha Leba. Taarifa yake ilichapishwa Januari 1969. Yafaa msomaji aijue ilivyosema, maana imesingiziwa mengi. Haikuomba bangi iruhusiwe. Ilisema tu kwamba ile tume ya Bara Hindi ilikuwa imesema kweli, kwamba bangi isiwekwe katika hesabu moja na heroini, na kwamba mtu aliyekutwa na kiasi kidogo asifungwe. Wakati ule sheria iliruhusu kifungo cha hata miaka kumi kwa kuwa nayo tu.

Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa James Callaghan. Aliinuka Bungeni mwezi ule ule akaikataa taarifa, akadai kwamba kamati imevutwa na watu wanaotaka ulegevu, na kwamba ni wakati wa kuyazuia mawimbi ya uhuru usio na mpaka. Bibi Wootton alikasirika, tena kwa haki, kwa kuwa waziri hakuupinga ushahidi hata mmoja. Aliwapinga watu waliouleta. Callaghan aliijua nchi yake. Wafanyakazi waliokipigia kura chama chake hawakuwa wale waliotia majina katika The Times, na uchaguzi ulikuwa karibu.

Lakini tazama alichokifanya baadaye. Muswada alioupeleka Bungeni mwaka 1970 uligawa madawa katika madaraja matatu, A, B na C, ukaiweka bangi katika Daraja B, chini ya heroini, na kupunguza kifungo cha juu cha kuwa nayo kutoka miaka kumi hadi mitano. Mengi aliyoyakataa kwa kinywa aliyakubali kwa kalamu. Leba walishindwa katika uchaguzi wa Juni 1970 na muswada ukafa. Walakini Konsavativu walioingia waliufufua, ukawa sheria mwaka 1971. Hivyo sheria inayotajwa siku zote katika ubishi wa vyama ililelewa na vyama vyote viwili.

Miaka thelathini iliyofuata naipita upesi. Mwezi wa Oktoba 2000, Konsavativu wakiwa katika upinzani, Ann Widdecombe aliuambia mkutano mkuu wa chama chake kwamba kila atakayekutwa na bangi, hata kidogo, atozwe faini ya pauni 100 papo hapo. Ukumbi ulishangilia. Siku chache baadaye, wenzake saba wa baraza la upinzani waliliambia gazeti moja kwamba wao wenyewe waliwahi kuivuta ujanani. Shauri lile likaanguka. Kilichoniongezea mawazo si kichekesho chake, bali kwamba wale saba walisoma, wakapata kazi na heshima, kwa kuwa polisi hawakubisha hodi katika mabweni yao. Kijana wa mtaa maskini wa London aliyepekuliwa barabarani hakuwa na bahati hiyo.

Leba walichukua hatua. Waziri David Blunkett alitangaza nia yake Oktoba 2001, na tarehe 29 Januari 2004 bangi ikashuka hadi Daraja C. Hata hapo polisi waliachiwa uwezo wa kukamata, na adhabu ya wauzaji ikabaki miaka 14. Kisha ikaja hofu mpya: bangi kali zaidi iliyoenea sokoni, na habari za vijana waliopatwa na maradhi ya akili. Hofu hiyo haikuwa ya bure, nami siwacheki wazazi waliokuwa nayo. Serikali ya Gordon Brown iliwauliza wataalamu wake. Mwaka 2008 wengi wao, baada ya kuyapima hayo yote, walishauri ibaki Daraja C. Serikali ikaipandisha Daraja B tarehe 26 Januari 2009. Mwenyekiti wa wataalamu hao, Profesa David Nutt, aliendelea kusema hadharani kwamba uamuzi haukufuata ushahidi, na mwezi wa Oktoba mwaka ule akaondolewa kazini. Wenzake kadhaa walijiuzulu.

Konsavativu nao walikuwa wakidai bangi irudishwe Daraja B, na kiongozi wao alikuwa David Cameron. Mwaka 2002, akiwa mbunge mpya, Cameron alikuwa mjumbe wa kamati ya Bunge iliyounga mkono kushushwa kwa bangi, na iliyopendekeza hata Umoja wa Mataifa ujadili njia nyingine badala ya marufuku. Mwezi wa Desemba 2012 kamati hiyo hiyo, yenye wajumbe wengine, iliiomba serikali iunde tume ya kifalme kuichunguza upya sheria ya madawa. Waziri Mkuu aliyejibu kwamba haina haja alikuwa Cameron.