Kwa Nini Magonjwa ya Mlipuko Huwaelemea Zaidi Wazee

Kipindupindu kilipozuka mkoani Shinyanga kati ya mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024, hatari haikuwa sawa kwa wote. Maji yaleyale machafu huweza kumlaza kijana siku mbili na kumwua bibi yake kwa saa chache.

Sababu ya kwanza ni kinga, ambayo kadiri umri unavyosonga huchelewa kumtambua adui mgeni. Lakini jambo lisilofahamika katika familia nyingi ni kwamba uzee huficha dalili. Hisia ya kiu hupungua na figo hushindwa kuhifadhi maji, hivyo mzee anayeharisha hukaukiwa bila kuomba hata kikombe kimoja. Nimonia nayo huweza kushika mapafu pasipo homa. Dalili ya kwanza ikawa kuchanganyikiwa, kuanguka au kukataa chakula. Nyumbani husemwa, "Ni uzee tu," na siku zinapita.

Katika ukanda wetu wa dhahabu kuna mzigo mwingine. Vumbi la miamba huacha makovu yasiyopona katika mapafu ya mchimbaji na kumweka karibu na kifua kikuu, hata miaka mingi baada ya kuliacha shimo. Bibi aliyepikia kuni maisha yake yote naye mapafu yake yamechoka. Moshi huohuo humfanya awe na macho mekundu, na macho hayo Usukumani yamewaponza vikongwe wengi kwa tuhuma za uchawi. Vifo vya ghafla vinapotokea, hofu hutafuta mtu wa kulaumiwa. Mwamini hana budi kusema waziwazi kwamba kipindupindu huletwa na vijidudu vya kinyesi katika maji na chakula, hakitumwi na bibi wa jirani.

Mzee akianza kuharisha, anyweshwe kidogo kidogo, bila kungoja kiu, maji safi lita 1 yaliyochanganywa na vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, huku akipelekwa zahanati. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inataka wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wawasaidie kupata vitambulisho mapema.

Padre naye aitwe mapema. Kanuni ya 1004 ya Sheria za Kanisa huruhusu Mpako wa Wagonjwa kwa mwamini anayeanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee. Si lazima angoje kukata roho.